Kiko cha Rwegoshora

Mume wangu Rwegoshora tulimzika chini ya migomba yake hapa Nyakasimbi, na kuanzia siku ile sikumwombea yeye peke yake. Nilimwombea pia mdogo wake Gosbert, kwa sababu nilijua siku ya kuanua matanga itafika, na nilijua atakachopewa siku hiyo.

Katika ukoo wao mtu akifa, mrithi wake, omusika kama tunavyosema kwetu, huketishwa kwenye kigoda cha marehemu. Hupewa mkuki wake, kisha hupewa kiko chake kikiwa kimejaa tumbaku. Mjane huleta kaa la moto kutoka jikoni. Mrithi anavuta, wazee wanasema, "Hajafa, amekaa." Ndivyo Rwegoshora alivyomrithi baba yao. Sasa aliyefuata alikuwa Gosbert, na Gosbert hakuwa amevuta tangu mavuno ya kahawa yaliyopita.

Asiyewajua ndugu hawa hawezi kuelewa ugumu wake. Walianza kuvuta wakiwa wachunga mbuzi. Wakati wa vita vya Amini, watu walipokosa chumvi na sabuni, wao tumbaku hawakukosa, maana waliipanda nyuma ya nyumba na kuikausha juu ya jiko langu. Rwegoshora alipofikia kukohoa mpaka anashika nguzo, daktari wa misheni alimwambia mapafu yake yamechakaa. Alirudi nyumbani na hofu, na kwa hofu ileile akajaza kiko mara mbili. Akaapa mbele ya padri. Kiapo kilivunjika kwenye pombe ya ubatizo kwa jirani, akaona aibu, akaacha hata kukomunika. Mimi nikang'oa tumbaku yote. Akavuta majani makavu ya mgomba.

"Mama Anatolia," aliniambia, moshi ukimtoa machozi, "na migomba utaing'oa?"

Kilichosaidia kilikuja bila mtu kukipanga. Asubuhi moja Gosbert alimkuta kaka yake kizingitini, pumzi hana, kiko mkononi.

"Kaka," akasema, "mimi peke yangu siwezi. Wewe peke yako huwezi. Hebu tushindwe pamoja."

Tangu hapo kila alfajiri, saa ambayo kiko humwita mtu kuliko saa zote, Gosbert alipanda kuja kwetu. Niliwawekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu na kuanikwa. Walitafuna wakitaniana.

"Mikono yako inatetemeka kama ya bibi harusi."

"Yako imetulia kwa sababu umeikalia."

Hamu ikimshika mmoja, alisema, "Mgeni amefika," na mwenzake alijibu, "Usimpe kiti, atapita." Na kweli alikuwa anapita. Gosbert alipoteleza kwenye soko la Omurushaka, alikuja kesho yake ananuka moshi, kichwa ameinamisha. Rwegoshora hakumkaripia. Alimsogezea kikapu.

"Kaa. Tunaanza tena."

Gosbert naye alikuwa ameanza kukohoa, lakini kikohozi kilimwacha. Rwegoshora alikuwa amechelewa. Aliacha kabisa na bado alikufa. Wapo walionifariji kwa kusema basi afadhali angeendelea kuvuta tu. Hao hawakumsikia miezi yake ya mwisho akiimba tena nyimbo za kanisani, mstari mmoja, anapumzika, mstari mwingine.

Siku za matanga wanaume walikota moto uani na kuvuta. Gosbert alikaa upande usio na moshi, peke yake. Jioni ya kuamkia siku ya kuanua alinifuata jikoni.

"Shemeji, nikivuta mara moja nimerudi. Najijua. Nisipovuta, kaka hana mtu wa kukaa mahali pake."

"Mwambie Tata Kahigi." Huyo ndiye baba yao mdogo, mkubwa wa ukoo.

"Nilimwambia. Akacheka, akasema moshi wa mara moja haujaua mtu."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini, shemeji? Yule ni baba."

Kesho yake nyumba ilijaa. Nyasi mpya zilitandikwa. Gosbert aliketishwa kwenye kigoda, akapokea mkuki, kisha Mzee Kahigi mwenyewe akashindilia tumbaku kwenye kiko kwa kidole gumba na kumpa.

"Mama Anatolia, moto!"

Jikoni niliwaza kumwaga maji nikasema umezimika. Lakini kumwondolea mtu nilikwisha kujaribu nilipong'oa ile tumbaku, nikaona faida yake. Nikatia kaa kwenye kigae, mkono wa pili nikachukua kikapu cha kahawa. Niliweka kaa mbele ya Gosbert, na badala ya kurudi jikoni nikakaa kando yake, katikati ya wanaume.

"Mama, unafanya nini?" Mzee Kahigi aliuliza.

"Nakaa, Tata. Alipokuwa anakaa mwenzake."

"Leo tuna warithi wawili!" mmoja akadakia nyuma, watu wakacheka.

"Kigoda hiki ni cha wanaume."

"Kigoda sijakigusa, Tata. Nimekalia nyasi."

Gosbert alikuwa ameinama, kiko kinakaribia kaa. Sikumtajia mapafu wala Mungu. Mungu nilikuwa nasema naye mwenyewe kimya kimya. Nilisogeza kikapu.

"Mgeni amefika, shemeji?"

"Amefika," akanong'ona.

"Basi usimpe kiti."

Akachukua kahawa. Nami nikachukua. Tukatafuna mbele ya ukoo mzima, hakuna aliyecheka tena. Kaa likafunikwa na jivu. Gosbert akalaza kiko kwenye nyasi kama anayelaza mtoto, akainuka kwenye kigoda.

"Tata, kaka yangu nampenda. Siwezi."

Nilitegemea mzee apige kelele. Alizeeka tu palepale tukimtazama.

"Kama ni hivyo," akasema, "aliyekufa amekufa kweli."

Kigoda, mkuki na kiko akapewa Placidius, mtoto wa baba yao mkubwa, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka Rubwera. Nilikwenda kuleta kaa jingine, maana ni kazi ya mjane na sikutaka lawama iongezeke. Placidius alivuta. Wazee wakasema, "Hajafa, amekaa." Nilimtazama sana aliyekaa. Alikuwa Placidius.

Alfajiri iliyofuata nilisikia hatua za Gosbert zikipanda kibanjani, kati ya migomba yetu. Wake wengine wa ukoo walikuwa wamekwisha kusema kwamba nimemfukuza mume wangu nyumbani kwake mwenyewe, na yeye pia alikuwa ameyasikia. Aliketi. Hatukutaniana.

"Shemeji," akasema baadaye, "bado naitaka ile tumbaku."

"Najua. Na mimi bado namtaka kaka yako."

Alinitazama, kisha akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, kilio ambacho kaburini hakukitoa. Nilimwacha. Kifua chake kilikuwa kizima, kwa hiyo alilia muda mrefu bila kukohoa.