Jezi Namba Tano

Jumatano saa tisa alasiri mshonaji wa kijiji alikuwa akipiga pasi jezi za timu ya mpira wa pete. Pasi ilikuwa ya mkaa, na kila baada ya jezi mbili aliitoa mlangoni akaipuliza majivu. Jezi zilikuwa sita. Ya saba haikuhitaji pasi kwa sababu mwenyewe alikuwa ameivaa, ameketi kizingitini akifunga kamba za raba zilizokwisha soli. Huyo alikuwa binti yake mdogo, ambaye kijiji kizima kilimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama, namba tano usiikunje," Chiriku alisema. "Ukiikunja inacheza kwa hasira."

"Siikunji. Naiweka kitini."

Saa kumi kamili jezi sita ziliinuka, zikatoka nje moja moja na kushika njia ya uwanjani. Chiriku akazifuata akiongea. Mshonaji akafunika makaa, akaenda kuangalia mazoezi.

Namba tano ilikuwa ya binti yake mkubwa, Kipanga. Miaka mitatu nyuma, mtu mmoja alikuja kutoka mjini kutafuta vipaji. Shingoni alivaa saa ya kupimia mbio, na hata alipokula hakuivua, basi watu wakamwita Bwana Saa. Kipanga alikuwa na miaka kumi na tisa, alitumia mkono wa kushoto, na aliruka kana kwamba ardhi imemchoma. Bwana Saa alimtazama kwa dakika kumi, akabonyeza saa yake, akasema huyu ni wa timu kubwa. Mjini kulikuwa na bweni, chuo, na uwanja wenye paa. Mshonaji alitia sahihi fomu juu ya boneti la gari. Sharti lilikuwa moja tu: jezi ibaki, kwa kuwa ni mali ya kijiji.

Jumatano iliyofuata timu ilikuwa pungufu. Kocha, ambaye asubuhi alikuwa mwalimu wa chekechea, alipuliza filimbi hivyo hivyo, maana siku ya mazoezi ni siku ya mazoezi. Jezi namba tano ikajianua kwenye kamba ya nguo, ikaenda kusimama pembeni kushoto, ikainua mkono kuomba mpira.

"Rudi nyuma kidogo," kocha aliiambia. "Umekanyaga mstari."

Ikarudi nyuma. Siku ya mechi mwamuzi alikagua kucha za wachezaji, kama sheria inavyotaka. Alipofika kwa namba tano alipapasa mikono ya jezi isije ikawa na pini, akapita kwa mwingine.

Bwana Saa alikuja mara mbili kwa mwaka, na kila alipokuja aliondoka na mmoja. Barua ya Kipanga ilifika moja, yenye mistari minne. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Mama wa wale wengine hawakupata hata hiyo mistari minne. Lakini jezi zilikuwepo, na mama aliyetaka kujua hali ya mwanawe alikwenda uwanjani siku ya Jumatano. Namba mbili ilianza kuchechemea bila kujikwaa popote. Namba sita iliacha kuruka, na ikiguswa begani ilijikunyata. Namba tano ilianza kubana tumboni.

Mshonaji alifumua mishono ya ubavuni, akaongeza kitambaa. Baada ya wiki tatu akafumua tena. Mama mkwe wake, kikongwe asiyejua kumung'unya maneno, aliitazama ikigeuka na mpira akasema, "Hiyo ina miezi sita."

"Nimeona, mama."

"Basi mwambie kocha asiirushe rushe."

Kocha akaihamishia kwenye ulinzi.

Siku moja ya mazoezi namba tano ilitoka nyumbani ikiwa bapa. Ilikwenda hadi katikati ya uwanja, ikaketi ndani ya duara, haikuinuka hata filimbi ilipolia mara tatu. Mshonaji aliivuka mistari yote akaenda kuiinua. Kifuani ilikuwa na madoa mawili ya majimaji. Akayanusa. Yalikuwa maziwa. Mtoto mwenyewe hakuonekana popote, kwa kuwa hakuwa na jezi.

Kesho yake alfajiri mshonaji alidandia lori la mahindi, namba tano mapajani, akafika mjini kwenye ofisi ya michezo saa nne. Afisa michezo alikuwa mtu mpole. Alivuta viti viwili, kimoja cha mama na kimoja cha jezi.

"Namba?"

"Tano."

Akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole. "Ipo. Mahudhurio mazuri sana. Nyinyi mama mnatupa moyo. Huko pembezoni wengi hawana hata timu, lakini kwenu ushiriki umekamilika. Wachezaji saba, jezi saba."

"Huyu binti yangu amejifungua. Nataka kujua yuko wapi, na mtoto yuko wapi."

"Kujifungua si michezo, mama. Hilo ni la ustawi wa jamii, dirisha la pili. Ila mhusika yuko likizo." Alifikiri kidogo, kwa kuwa kweli alikuwa mpole. "Ngoja nimpigie aliyemchukua."

Akapiga simu, akaiweka mezani ili mama naye asikie. Bwana Saa aliitika kwa furaha. Akasema haloo. Jezi namba tano ikashuka kitini, ikapita nyuma ya mshonaji, ikajibana kati ya mgongo wake na ukuta.

Afisa michezo alikata simu, akasogeza kiti ili jezi ipate nafasi.

"Zote huwa hivyo zikisikia sauti yake," alisema. "Za kata nyingine pia."

"Na nyinyi mnafanya nini?"

"Huwa tunampigia mkiwa hampo."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya Bwana Saa akikabidhi kikombe. Mshonaji aliitazama mpaka afisa akaona haya na kuinama juu ya daftari. Hakukuwa na kingine. Akaibeba namba tano mgongoni, mikono ya jezi imemshika shingoni, wakarudi na lori lile lile likiwa tupu.

Wiki mbili baadaye lilikuja tangazo la majaribio. Mchezaji aliyebaki na mwili alikuwa mmoja.

"Siku hiyo utacheza vibaya," mshonaji alimwambia Chiriku. "Udondoshe mipira. Uchoke mapema."

"Mama, sijui kucheza vibaya. Na hata ningejua." Kwa mara ya kwanza Chiriku alinyamaza kabla ya kumaliza sentensi. "Dada yuko huko. Nani atamfuata, wewe na cherehani?"

"Sikukuzaa ili utumwe kuokota walioanguka."

"Sitaokota. Nikimkuta, narudi naye. Na mtoto."

Mama yake akaenda kumsonga nywele, kwa sababu kuna mambo mikono huyafanya mdomo ukishindwa. Alimsonga kwa kubana sana, na Chiriku hakulalamika.

Siku ya majaribio kijiji kizima kilikuja. Bwana Saa aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa kijiji. Filimbi ilipolia, jezi sita hazikwenda kwenye nafasi zake. Zilimzunguka Chiriku, mikono imenyooshwa, zikapasiana mpira juu ya kichwa chake bila kumpa hata mara moja. Chiriku aliruka kutafuta upenyo. Alipokwenda kulia zilikwenda kulia, aliporudi zikarudi. Namba mbili ilichechemea lakini haikuachwa. Namba tano ilikuwa mbele kabisa, kati yake na kile kiti. Zilicheza hivyo kwa dakika kumi, na watu wazima walisema hawajawahi kuiona timu yao ikicheza kwa umoja namna ile.

Bwana Saa akabonyeza saa.

"Ulinzi mzuri," alimwambia kocha. "Huyo wanayemlinda ndiye."

Mshonaji alikwenda akasimama mbele ya gari. Alisema hatii sahihi. Alisema maneno mengine pia, ya miezi sita, ya maziwa, ya nyuma ya mgongo wake ofisini. Hakuna aliyembishia. Mwenyekiti alimshika kiwiko kwa heshima, akasema, "Mama, yote hayo tumeyaona sote. Lakini mgeni asituone tunagombana." Kisha akatia sahihi yeye. Chiriku alivua jezi yake namba saba nyuma ya ukuta wa darasa, akavaa gauni lake, akamkumbatia mama yake kwa nguvu, akapanda mwenyewe. Gari lilipoondoka alikuwa ameshaanza kumhoji dereva.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mechi na timu ya ng'ambo ya vilima. Wageni walishuka kwenye trekta, jezi saba za kijani, na nyuma yao mama zao. Mwamuzi alipapasa mikono kumi na minne upande huu na kumi na minne upande ule. Kazi ilikwenda haraka kwa kuwa hakukuwa na kucha.

Mama mmoja wa wageni alikuja kuketi kwenye benchi la mshonaji. Mshonaji akasogea kumpa nafasi.

"Wako ni yupi?" mgeni aliuliza.

"Namba tano. Na saba."

"Wawili." Mgeni alitikisa kichwa. "Wangu ni yule wa golini. Huyo namba saba ana mbio, jamani."

"Na mdomo."

Walicheka kidogo. Afisa michezo, aliyekuja kwa pikipiki, aliandika washiriki kumi na wanne, hakuna aliyekosa.

Kipindi cha pili jezi namba saba ilipokea mpira, ikageuka itoe pasi, na ghafla ikajikunja ubavuni ikaanguka. Hakukuwa na aliyekuwa karibu nayo. Ilijiviringisha vumbini, ikajikinga kichwa kwa mikono yote miwili, ikasukumwa tena upande wa pili.

Mama wote kwenye benchi wakasimama.

Mwamuzi alipuliza filimbi, akaiendea, akainama kuiuliza kama inaweza kuendelea. Walisubiri. Baada ya muda iliinuka, ikajikung'uta, ikaomba mpira. Mwamuzi akatazama saa yake, akaongeza dakika mbili, mchezo ukaendelea.