Mama Sukuma

Wodi ya wazazi ilikuwa imesahau jina lake. Kuanzia daktari mkuu hadi mpiga deki, wote walimwita Mama Sukuma. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, na sauti yake ilipenya milango miwili: "Sukuma, mwanangu. Usilie kwa shingo, lia kwa kiuno." Wazazi wenye haya, wanaobana mapaja, aliwatania: mficha uchi hazai.

Yeye mwenyewe alificha. Kizazi chake kilianza kushuka taratibu, uzito kama wa yai linalotaka kudondoka kila alipoinama, naye akazoea kusimama ameegemea ukuta na kucheka kwa midomo tu. Mganga hajigangi. Hadi asubuhi moja, akimpandisha mzazi kitandani, mkojo ulipomtiririka mpaka kwenye viatu vyake vyeupe, na mzazi akauona.

Daktari wa upasuaji alisema kizazi kitarudishwa na kushikizwa mahali pake. Lakini kabla ya kisu, aende kwanza chumba cha mazoezi.

"Mazoezi gani tena, daktari? Mimi kutwa nzima niko kwa miguu."

"Ya misuli ya chini, ile inayobeba kizazi na kibofu. Nikishona huku imelala, nitakuwa nimepaka chokaa ukuta unaobomoka."

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido: kitanda chembamba, mpira mkubwa, pazia lisilofika ukutani, na redio iliyoachwa ikiimba ili maneno yasitoke nje. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake. Alimweleza atakalofanya, akaomba ruhusa, akavaa glavu.

"Kaza, mama. Kama unazuia mkojo, kisha inua kwa ndani."

Mama Sukuma alijaza pumzi, akafumba mdomo, akakaza kwa nguvu zake zote.

"Mama," binti alisema kwa upole, "unasukuma."

"Nimekaza."

"Kidole changu kinatolewa nje, mama. Unasukuma."

"Basi jina hawakunisingizia," alisema, akacheka.

Binti hakucheka. "Ukiwa na mshono, na kila ukikohoa mwili unafanya hivi, ule uzito utarudi. Na wodini hutarudi."

Hapo kicheko kikamkauka. Bila wodi, angekuwa nani?

Nyumbani alifanya mazoezi kwenye mkeka, akitoa pumzi polepole huku akitafuta kuinua. Mke wa mwanawe, ambaye mimba yake ilikuwa imeshaanza kuonekana, alijilaza kando yake.

"Mama, mkaza mwana ni mimi, lakini kukaza nimekuachia wewe."

Wakacheka, na Mama Sukuma akahisi tone likimtoka. Mkwewe aliona uso wake ulivyobadilika, akamshika mkono. "Siku yangu utakuwepo?"

"Sitapokea mtoto mimi. Lakini nitakuwepo."

Akapasuliwa. Alifundishwa kuamka kwa kulala ubavu kwanza, asinyanyue hata ndoo, akaze kabla ya kukohoa. Daktari alipomruhusu, akarudi nyuma ya pazia. Siku nyingine binti alisema, "Hapo imeitika." Siku nyingine alitikisa kichwa, na Mama Sukuma alirudi nyumbani akiwa amekasirikia mwili wake kama mtoto asiyesikia.

Uchungu wa mkwewe ulianza kabla hajaruhusiwa kurudi kazini. Akaingia wodini kwa nguo za nyumbani, akawekewa kiti kichwani pa kitanda. Mkunga wa zamu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Leo wewe ni bibi tu, Mama Sukuma. Tulia."

Akatulia, mpaka wakati ulipofika.

"Sukuma," mkunga alisema. "Usilie kwa shingo, lia kwa kiuno."

Maneno yake mwenyewe. Mkwewe akamvuta mkono kwa nguvu, na kabla hajajua, Mama Sukuma alikuwa amebana pumzi, ameuma meno, mwili wake wote umeelekea chini. Ndivyo alivyosukuma na kila mzazi aliyepita mikononi mwake, bila kujua. Akahisi uzito. Mdogo, lakini aliufahamu.

Akataka kutoka. Vidole vya mkwewe vilimng'ang'ania.

"Mama, nisaidie kusukuma."

"Siwezi, mwanangu." Akambana vidole. "Sukuma wewe. Mimi navuta."

Akaachia pumzi, ndefu, kwa midomo iliyofunguka kidogo, akatafuta kule ndani. Hakuna kitu. Mkunga akaita tena, mkwewe akasukuma, na yeye akatoa pumzi tena, akainua. Kwa mbali kitu kikaitika, dhaifu, kama mtu aliyeamshwa chumba cha pili. Kikamponyoka. Akakitafuta upya. Chumba kizima kilikuwa kinaelekea chini, naye peke yake anapanda kinyume chake, machozi yakimtiririka.

Mtoto akalia.

Mkunga alimfuta, akamlaza kifuani pa mama yake, na baadaye, wenzake walipokuwa wakimhudumia mzazi, akamfunga mtoto vizuri na kumnyooshea bibi. "Haya, pokea."

Mikono ilitaka kwenda yenyewe, kama siku zote. Mama Sukuma akaizuia. Akatoa pumzi, akainua kwanza, ndipo akapokea.

Uzito ulikuwa bado upo, au ni woga tu? Hakujua. Kesho angelala tena nyuma ya pazia, na safari hii asingeficha; angemwambia binti kila kitu, hata jinsi alivyosukuma.