Magoti ya Sebarenzi

Magoti ya Sebarenzi yaliacha kukunjika, na katika misioni yao mwanaume aliyeacha kupiga magoti kanisani alihesabiwa kuwa na mke wa pili. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake mwaka ule wa 1954, na haikuwa ndogo.

Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Watu walikuwa wamezoea tu kuona hivyo. Waliokatazwa komunyo walisimama nyuma kabisa, kwenye ukuta, na karibu wote walikuwa wamekatazwa kwa ajili ya wanawake. Sebarenzi akaanza kusimama pale pale, kwa kuwa ukuta ulimpa mahali pa kuegemea. Kuungama hakwenda, maana huko kulikuwa na ubao wa kupigia magoti. Kwa hiyo hakukomunika. Pasaka ikafika, ikapita, naye akiwa ukutani. Akina mama waliotoka altareni mikono wameifunga kifuani walimtazama kwa pembe ya jicho, halafu wakamtazama mke wake Mukashema, wakamhurumia.

Angeweza kusema anaumwa. Lakini wanaume wote wa ukutani walikuwa wanaumwa. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine, Ndayambaje, kizunguzungu, na kizunguzungu chenyewe kilikuwa kimekwisha kuzaa watoto ng'ambo ya mto. Tena Sebarenzi alikuwa mtu wa mbele katika kubeba machela. Miaka mingi aliwabeba wagonjwa kutoka milima ya Rubaya mpaka misioni, na wakati wa vita alibeba mizigo ya Serikali mpaka ngozi ya bega ikawa ngumu kama ya kiatu. Mtu wa namna hiyo hapiti akitangaza habari za magoti.

Angenyamaza hivyo mpaka kufa, lakini binti yake Anastasie alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake aliitwa Théogène, kijana mtulivu, mwana wa Hakorimana. Na Hakorimana ndiye aliyeongoza sala kwenye kilima chao, mtu aliyejua nani amekomunika na nani hakukomunika kuliko Padri mwenyewe. Ng'ombe wa mahari alikuwa amekwisha kufika kwa Sebarenzi. Ndoa ingefungwa maharagwe yakishavunwa.

Basi Sebarenzi akaenda dispensari ya misioni kwa siri. Siri yenyewe haikufika mbali, kwa sababu aliangukia siku ya kupima watoto wachanga. Mstari mzima ulikuwa wa akina mama, na yeye katikati, mrefu, na fimbo yake.

"Papa, na weye uko na mutoto gani?" mama mmoja akamwuliza.

"Niko mwenyewe."

"Basi panga mustari. Uyu wangu anaanza kutambaa, atakupita."

Mtawa aliyekuwa muuguzi pale alimbonyeza magoti, akayageuza huku na huku, kisha akamfungulia chupa ileile aliyowapa watoto wenye miguu ya kupinda. Ilinuka samaki kabla haijafunguka.

"Ni mafuta ya maini ya samaki wa bahari," alisema. "Ndani muko kitu, wanakiita vitamini D. Njo kile jua linatupatia kupitia ngozi. Huku kwenu ukungu unakula jua. Kila asubuhi kijiko kimoja. Na ukungu ukiondoka, kunja suruali, ukae inje."

"Yatapona, Masœur?"

"Mafuta ni ya mifupa. Magoti yako yamechoka kubeba. Sikudanganyi, Papa."

Alifungua mdomo kama watoto wengine, akameza, na akina mama wakampigia makofi.

Toka siku hiyo, ukungu ukiondoka, Sebarenzi alikaa nyuma ya shamba la maharagwe, suruali imekunjwa juu ya mapaja, akilionyesha jua magoti yake. Hayakuonekana kusikia.

Aliyempeleka Kashebere, kijiji cha njia ya Walikale, ni Théophile, dereva wa kamiyo iliyoshuka Walikale kila juma kuchukua mawese. Alimkuta Sebarenzi akishuka mlima kinyumenyume, kwa maana hivyo maumivu yalipungua, akasimamisha gari apate kumcheka vizuri. Alipomaliza kucheka alimwambia kuwa mama yake mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, na sasa analima. Huko Kashebere kuna mjane, Mama Béata, analima manjano. Mbegu wazee wake walizipata kwa Waungwana wa Walikale, wale waliotoka pwani, zamani. Anatoa maji yake, anayachemsha mpaka yanakuwa mazito. Watu wanayanywa.

"Panda," Théophile akasema. "Utalala kule, kesho minakurudisha."

Mama Béata alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikwangua mizizi kwenye kibati kilichotobolewa kwa misumari, akaikamua ndani ya kitambaa, akayaacha maji yake motoni mpaka yakawa kama asali. Mikono yake ilikuwa ya rangi ya kiini cha yai mpaka kwenye viwiko.

"Kijiko asubuhi, kijiko magaribi," alimwambia. "Ndani ya mawese ya moto kidogo. Bila mafuta inapita bure. Magoti yakikamata sana, pakaa inje pia. Ukipona, sema ni Béata. Usipopona, sema ni mapenzi ya Mungu."

Sebarenzi akamlipa kuku.

Sasa Sebarenzi alikuwa na dawa mbili, ya misioni na ya Kashebere, na wala hakujua ipi ilifanya nini. Mwanzoni hazikufanya lolote. Halafu asubuhi moja alikaa kwenye kigoda kifupi bila kuomba mkono wa mtu, na alipojitambua alikuwa amekwisha kukaa. Kuanzia hapo hakukosa kamiyo. Kila chupa ilipokwisha alipanda juu ya magunia, akalala Kashebere, akarudi kesho yake, midomo ya manjano, meno ya manjano, anatabasamu peke yake.

Sasa mtu afikiri. Mwanaume yuko ukutani kanisani. Anapotea usiku mmoja, anarudi anatabasamu. Kilima kizima kiliacha kuuliza kama ana mke wa pili, kikaanza kuuliza jina lake.

Mukashema alivumilia, halafu siku moja alimsogelea akamnusa shingoni.

"Papa Anastasie, uko unanuka samaki."

"Ni dawa."

"Dawa ya Kashebere."

"Hapana. Ya Kashebere ni ya manjano. Ya samaki ni ya Masœur."

Mukashema akaweka chini ungo wa maharagwe. "Basi sasa wako wawili," alisema.

Alimweleza yote, toka ubao wa kuungamia mpaka mstari wa watoto. Mukashema alisikiliza akichambua maharagwe, mazuri huku, mabovu kule, na alipomaliza kusikiliza alisema kila mwanaume anayetoka Kashebere ana kitu kinamuuma. Safari iliyofuata, Sebarenzi alipofika kwenye kamiyo alimkuta mke wake amekwisha kupanda, amevaa kitenge cha Jumapili, mdomo umefungwa.

 Théophile aliimba njia nzima kwa ajili ya wote.

Mukashema alishuka Kashebere tayari kumvua mtu kilemba. Akamkuta Mama Béata, aliyekuwa na umri wa mama mkwe wake, na uani wazee wanaume kwa wanawake, fimbo zimeegemezwa mgombani, kila mmoja na kijiko chake. 

"Uyu njo bibi yako?" Béata akamwuliza Sebarenzi. "Na hukumuleta toka mwanzo? Mama, karibu. Shika kibati, ukwangue. Mi mikono imechoka, na uyu bwana wako anakunywa kama ngombe."

Mukashema alikwangua mpaka jua likashuka, na jioni Béata alikuwa amekwisha kumweleza habari za wakwe zake wote mpaka wote wawili wakalia kwa kucheka. Sebarenzi alikaa kando, akashika adabu.

Shida ni kwamba Mukashema alirudi na mikono ya manjano. Aliisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya misioni, haikutoka. Na kilimani, wanawake walipoiona mikono hiyo kwenye chemchemi, walielewa yote mara moja: Mukashema amekubali. Ameenda kupatana na mwenzake, na sasa wake wawili wanapika chungu kimoja.

Siku ya tatu Hakorimana alikuja. Alikataa kigoda, akakataa pombe, akasimama uani na kofia yake mkononi.

"Sebarenzi, mi sikuulize mambo ya Kashebere. Uko muntu mukubwa. Lakini siku ya ndoa, wazazi wote wane watapiga magoti mbele ya altare, watakomunika, na bantu wote wanaangalia. Weye ukisimama ukutani, ngombe yangu inarudi nyumbani, na Théogène nyuma yake."

"Ni magoti, Papa Théogène. Yanauma."

"Magoti," alisema Hakorimana. "Na Ndayambaje iko na kizunguzungu."

Akavaa kofia, akaenda. Anastasie alikuwa ndani, nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Hakulia. Alitoka, akachukua chupa ya Mama Béata, akaitikisa kuona imebaki kiasi gani, akairudisha mahali pake. Tendo hilo lilimchoma Sebarenzi kuliko maneno ya Hakorimana.

Akazidi kunywa. Akazidi kukaa juani. Kila jioni alijaribu kupiga magoti kando ya kitanda, Mukashema amemshika kwapani. Goti la kulia lilikubali. La kushoto lilikubali nusu. Siku moja kabla ya ndoa alikwenda kwa Padri, akamwambia kwa nini amekaa ukutani muda wote ule, na Padri akamwungamisha akiwa amesimama, ikaisha haraka.

"Ungalisema zamani," Padri alisema. "Na kesho, kwenye komunyo, simama tu. Mungu anajua magoti yako."

"Mungu anajua, Padri. Hakorimana hajui. Kesho nikisimama, mutoto wangu anabaki nyumbani."

Asubuhi ya ndoa kukawa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Anayekomunika hali kitu toka usiku wa manane, hata kijiko cha manjano hakifai. Goti la kushoto lilikuwa limeamka vibaya. Mukashema aliangalia chupa, akamwangalia mumewe, akakumbuka maneno ya Béata juu ya kupaka nje. Akayapasha moto maji yote ya manjano yaliyobaki, akampaka magoti yote mawili, safu juu ya safu, mpaka chupa ikalia tupu. Sebarenzi mwenyewe akasaidia kusugua kwa vidole vyake. Halafu akavaa suruali nyeupe ya shemeji yake Damien, mwalimu wa shule ya misioni, suruali pekee nyeupe kwenye kilima kile, iliyoazimwa kwa masharti mengi.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati wa komunyo ulipofika, Hakorimana na mke wake walitangulia. Sebarenzi akaondoka nyuma yao na Mukashema, bila fimbo. Ukuta wa nyuma ulibaki na Ndayambaje na wenzake, na wao pia walinyoosha shingo. Alifika kwenye kizuizi cha altare. Goti la kulia likashuka. La kushoto likasita, likalia kwa sauti kavu iliyosikika mpaka kwa waimbaji, likashuka. Akashika kile kitambaa cheupe kirefu kinachowekwa chini ya videvu, akakishika kwa nguvu, maana ndicho kilichokuwa karibu. Alipofungua mdomo, Padri aliona ulimi wa manjano, akangoja kidogo, kisha akaendelea na kazi yake.

Kushuka kulikuwa nusu tu ya kazi. Hakorimana alipoanza kuinuka upande wake, Sebarenzi hakuwa na pa kushika ila bega lake. Akalishika. Hakorimana akarudi chini. Wakajaribu tena pamoja, mmoja akimvuta mwingine, na safari hii magoti yaliyolia hayakuwa ya Sebarenzi. Wakasimama, wanatweta. Wakageuka kuwaelekea watu.

Kwenye suruali nyeupe ya Damien, juu ya kila goti, kulikuwa na jua moja la manjano, kubwa kama sahani.

Mama mmoja, yule mwenye mtoto wa kutambaa, alicheka kwanza. Hakucheka kwa ubaya. Alishindwa tu. Kicheko kikatembea kutoka benchi hadi benchi mpaka ukutani, na mwanamke mwingine, kwa kukosa la kufanya, akapiga vigelegele katikati ya Misa. Sebarenzi alirudi mahali pake polepole, magoti mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hakuna mama aliyemhurumia Mukashema.

Baadaye, kwenye pombe, Hakorimana alikubali kigoda. Alikunywa kibuyu chake chote kabla hajasema.

"Uyu Mama Béata," alisema chini chini, "nyumba yake iko upande gani wa barabara?"

Mukashema ndiye aliyejibu, akipita na chungu.

"Tutakuonyesha, Papa Théogène. Lakini utaenda na Mama Théogène. Mutu mumoja akienda peke yake kule, bantu wanasema."

Ng'ombe alibaki. Anastasie aliolewa. Magoti ya Sebarenzi hayakupona kabisa, lakini alipiga magoti kila Jumapili, na kuinuka alimtegemea jirani.

Gharama yake ilikuwa hii: kuku watatu kwa Mama Béata, maharagwe gunia moja kwa Théophile, mbuzi jike kwa Damien, kwa ajili ya suruali, kitambaa cha altare, ambacho watawa walikifua mwaka mzima na alama za vidole vinane hazikutoka, mpaka Sebarenzi akatoa mbuzi wa pili kununua kingine, na Pasaka moja aliyoipitisha ukutani.