Hatua Ishirini Hadi Kwa Mdogo Wake

Siku ya sita tangu apandikizwe kipande cha ini la mdogo wake, fundi seremala aligoma tena kuinuka kitandani.

"Mama wa Mazoezi," alimwambia mtaalamu wa viungo, kwa jina alilobandikwa na wodi nzima, "jana nilikohoa tu nikaona nyota mchana kweupe. Leo niache."

"Kumbatia mto, ubane kidonda, ndiyo ukohoe. Kisha lala ubavu, ujisukume kwa kiwiko. Makohozi yakituama kifuani, fundi wangu, tutalia wote."

Alikohoa, akavuta pumzi ndefu, akachezesha nyayo. Kutembea alikataa katakata. Maumivu yalikuwepo, lakini si hayo yaliyomzuia. Njia ya mazoezi ilipita mlangoni kwa mdogo wake, hatua ishirini tu.

Miaka kumi na moja hawakusemezana. Mdogo wake alipoachishwa kazi, fundi alimwita mbele ya wakwe zake mwanamume wa kufugwa na mkewe. Ulimi hauna mfupa. Fundi alipougua hakumwomba kitu. Mdogo wake mwenyewe ndiye aliyejileta kupimwa, akalala chini ya kisu. Na jana alikuja kumwona, akijikokota, mkono tumboni. Fundi akafumba macho, akajifanya amelala. Alizisikia pumzi zile kando ya kitanda, kisha kandambili zikiburuzika kuondoka.

Siku ya saba aliamka na neno lake la kuomba radhi mdomoni. Alishika fremu ya kutembelea, Mama wa Mazoezi akimbebea mirija ya kidonda.

"Kichwa juu! Unatafuta misumari sakafuni?"

Hatua ya kumi miguu ikatetemeka kama meza iliyokosewa vipimo. Akapumua, akaendelea.

Chumbani kwa mdogo wake, mhudumu alikuwa akitandika shuka safi.

"Ametoka asubuhi, baba. Shemeji yako kamchukua."

"Hakuacha neno?"

"Alichungulia kwako. Akasema umelala, usisumbuliwe."

Na safari hii alikuwa amelala kweli.

Jioni alipiga simu. Shemeji akapokea.

"Amepumzika. Nitamwambia umepiga."

Sauti haikuwa na chuki, wala haikuwa na karibu.

Kesho yake fundi aliuliza, "Mama wa Mazoezi, ngazi tunaanza lini?"

"Una haraka gani?"

"Anakaa ghorofa ya tatu. Miaka yote hiyo, sijawahi kufika kwake."

Mama wa Mazoezi alimtazama kidogo, akasema wataanza na vidato vitatu.