Vipanya Viwili na Kidole Gumba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala hakuna haja ya kutafuta mwingine wa kumbebesha. Aliingia katika duka la vifaa vya kompyuta kutafuta dawa huku ugonjwa kauficha mfukoni, pamoja na kidole gumba cha mkono wa kulia.

Kazini walimwita Mstari. Alikuwa amechora ramani za nyumba kwa miaka ishirini na sita, na jina hilo alilipata enzi za kalamu na rula, kwa kuwa mistari yake ilinyooka kama neno la mtu asiyedaiwa na yeyote. Kompyuta zilipokuja alihamia nazo bila kununa. Lakini miezi ya karibuni mistari ilianza kumkimbia. Kuta zilipitiliza pembe zake, madirisha yakaning'inia hewani, na wiki hiyo mhandisi mkuu alimrudishia ramani ya zahanati yenye mlango uliofungukia ndani ya ukuta.

"Mstari," alimwambia, kwa upole uliouma kuliko matusi, "mgonjwa hapa atapita wapi?"

Akampa hadi Jumatatu. Mistari isiponyooka, angehamishiwa stoo ya nyaraka, akakunje na kupanga michoro ya wenzake.

Mstari alijibu kwamba kipanya ndicho kibovu. Neno hilo likishatoka, ikambidi alilee kama mtoto wake: akaenda nalo nyumbani, akamwambia mkewe vilevile, na sasa alikuwa amekuja nalo dukani. Daktari peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Mshipa wa fahamu wa kidole umechoka, alisema. Kipumzishwe miezi, na hata hivyo siahidi kitu. Ipo methali juu ya mficha maradhi. Mstari aliijua barabara, na kwa miaka mingi alikuwa akiwagawia wengine bila choyo.

Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliweka vipanya viwili juu ya meza ya kioo.

"Hivi havisukumwi," alieleza. "Vinatulia palepale, wewe unazungusha hili tufe tu. Mkono haupati tabu."

"Panya asiyekimbia," Mstari alitania. "Sasa paka wako atafanya kazi gani?"

"Paka wangu, shemeji, anakula wateja wanaogusa bila kununua."

Alimwita shemeji kwa sababu mke wa Mstari, aliyeingia naye, alishakuwa dada yake tangu mlangoni. Mke huyo, fundi cherehani asiyependa maneno yaliyolegea nyuzi, alikuwa ameketi karibu na feni, kikapu magotini. Aliahidiwa dakika tano. Sasa ilikuwa ya thelathini.

Kipanya cha kwanza kilikuwa na tufe dogo ubavuni, la kuzungushwa kwa kidole gumba. Cha pili kilibeba tufe kubwa kama chungwa changa, katikati, la kuzungushwa kwa vidole vya kati. Mtu mwenye kidole kama chake, na akili zake timamu, asingefikiri mara mbili. Mstari alichukua cha kwanza. Kilifanana na vipanya vya watu wote, na kukishika kile kingine mbele ya mkewe aliona ni sawa na kutia saini kwamba ni mgonjwa.

Akaomba achore mlango kwenye kompyuta ya duka. Ni jambo dogo: mstari, mstari, kisha upinde wa kuonyesha unavyofunguka. Akakiamuru kidole. Kilikaa kimya kama mgeni wa heshima aliyesinzia sebuleni: unamwona, unamhitaji apishe, na huwezi kumtikisa. Kilipoamka kiliruka. Kwenye skrini mlango ukatokea kama ndoana.

"Tufe lina mchanga hili," alisema.

Muuzaji alilichomoa, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha. Ikatokea ndoana ya pili. Akafungua boksi jingine la aina ileile, na humo namo Mstari akaona mchanga.

Ndipo akakisogeza kile cha tufe kubwa, kwa uso wa mtu anayewafanyia wengine hisani. Vidole vya kati vilikuwa vizima. Tufe likateleza, kishale kikasafiri taratibu, kikasimama juu ya ncha ya ukuta, pale hasa alipopataka. Moyo ukamruka. Kwa pumzi mbili tatu alikuwa tena yule aliyepewa jina na wenzake. Kilichobaki ni kubonyeza.

Akatafuta kitufe. Kilikuwa upande wa kushoto, chini ya kidole gumba.

Akabonyeza, kisiitike. Akabonyeza kwa nguvu ya bega zima. Kidole kikateleza, kikagonga tufe, kishale kikakimbilia ukingoni mwa skrini na kubaki huko. Mstari alikitazama asijue akifuate vipi. Aliwahi kuamini kwamba duniani kazi ni kuchagua, na kwamba mwenye kuchagua vizuri hawezi kukwama. Sasa vitu viwili vilikuwa mbele yake, na vyote viwili viliomba kile asichokuwa nacho.

"Kitufe cha hiki nacho kigumu," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumwamini.

Muuzaji alikibonyeza kwa kidole kidogo cha mwisho. Kikalia. Akabonyeza tena, kikalia tena. Alimtazama Mstari, kisha akavaa miwani yake bila haja yoyote.

"Shemeji, hiki pande zake zote sawa. Unaweza kutumia kushoto. Nakubadilishia vitufe sasa hivi."

"Kushoto? Mkono huo, dada, hata mdomo wangu hauujui ulipo."

"Utazoea."

"Nizoee kitu kibovu? Siku hizi wanatengeneza maboksi, si vitu."

"Vyote vitatu ni vibovu?" mkewe aliuliza kutoka kwenye feni.

"Vyote."

"Na cha ofisini?"

"Kibovu."

"Na kile ulichoazima kwa jirani juzi?"

"Mama watoto, wewe unajua nguo," Mstari alisema. "Mambo ya mkono wa mchoraji niachie mimi. Huu wa kushoto haujawahi kufanya kazi ya maana, na hautaanza leo."

Mkewe alisimama, akaweka kikapu kitini. Hakumtazama usoni, alimtazama kifuani.

"Nguo ndizo ninazozijua," alisema. "Mwezi wa tatu huu unafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, ukidhani nimelala. Sijaona hata kimoja kilichokosea tundu lake."