Shahidi Chini ya Kidevu

Mshonaji alikalishwa kitini, akavishwa kofia ngumu yenye mkono wa kushikilia kifaa cha ultrasaundi chini ya kidevu. Jeli ilikuwa ya baridi. Mtafiti wa matamshi alimwomba anywe funda la maji ili kaakaa lionekane, kisha asome maneno yaliyobandikwa ukutani, na baada ya kila neno atulize ulimi. Kwenye skrini ulimi wake ulikuwa mstari mweupe, ukiinuka na kushuka kama mgongo wa paka anayejinyoosha.

Kasheshe ilikuwa pale pa kutulia. Midomo ilifumbwa, lakini mstari uliendelea kucheza, na spika ya mashine ikatoa sauti ya mwanamke mwingine.

"Dada, kufuli liko nje."

Mtafiti alimwomba asitikisike. Mshonaji akaeleza kwamba huyo si yeye, ni mdogo wake, aliyekufa kwa moto kiwandani mwaka jana na wenzake wa chumba cha pasi. Fundi wa mashine akaongeza sauti kidogo. Marehemu akasimulia bila haraka: nani alifunga mlango ili watu wasitoketoke kazini, nani alikuwa na ufunguo mfukoni, na jinsi msimamizi alivyosimama upande wa pili akiwaambia waache kelele.

Hasira zilimpanda mshonaji mpaka machozi yakamtoka. Tume ya uchunguzi ilikuwa imefunga kesi kwa kuwa hakuna aliyetoka mle akiwa hai. Sasa shahidi huyu hapa, na picha yake kwenye skrini. Akaomba nakala ya rekodi aipeleke kwenye tume.

"Pole sana, dada," mtafiti alisema. "Lakini marehemu hakutoa ridhaa. Utaratibu wetu ni kufuta."

"Basi muulizeni. Si yupo hapa?"

Marehemu alikubali mara mbili, kwa sauti kavu. Mtafiti akasema ridhaa hutolewa kabla ya kurekodiwa, si baada. Akabonyeza, rekodi ikafutika. Akampangusa mshonaji jeli, akamsifia kaakaa lake. Watu wazima na masikio yao, wakajitia hamnazo, wakaenda kula!

Asubuhi iliyofuata mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake kiwandani. Alipopiga funda la maji, mdogo wake akamuuliza kama wale watu walimwamini.

"Walikuamini," alimjibu, midomo imefumbwa. "Wote."

Msimamizi alipita akihesabu vichwa, akatoka, akafunga mlango kwa nje.