Risiti ya Alhamisi

"Mifuko kwanza, Cedric! Umesahau kazi, au umepata mchumba?"

Mama Ernestine, mwenye duka la udobi, alikuwa ng'ambo ya mashine ya pasi, miwani imemshuka puani. Cedric Pettway alicheka, akaliondoa koti alilokuwa karibu kulibana kwenye mvuke. Kwa dobi huyu hakuna nguo inayopigwa pasi kabla ya mifuko yake kupekuliwa. Kwa miaka sita Cedric alikuwa akitoa siri za watu humo: tiketi za kamari, namba za simu, pete zilizovuliwa kwa haraka. Kila kitu kilitiwa kwenye bahasha, akarudishiwa mwenyewe, na wala hakuulizwa neno.

"Nyla anakuja saa sita," alisema. "Amechaguliwa timu ya kikapu ya shule. Nakwenda kumnunulia viatu."

"Najua, baba. Leo umeniambia mara nane."

Nyla ndiye mwanawe wa pekee, ana miaka kumi na minne. Mamake, Tameka, aliyeachana na Cedric kitambo, alikuwa ameweka sharti moja: siku tisini bila kugusa chupa, ndipo binti aanze kulala kwa babake kila mwisho wa wiki. Cedric alikwishanunua kitanda na shuka za manjano. Kwa hesabu ya Tameka, leo ilikuwa siku ya themanini na nane. Kwamba hesabu hiyo ilivunjika juzi, Alhamisi, alijua Cedric peke yake.

Alhamisi hiyo, akitoka kazini, aliwakuta polisi wamewakalisha wavulana watatu ukingoni mwa barabara, mikono kichwani, vitabu vyao vya shule vimemwagwa kwenye theluji. Mmoja alikuwa analia bila sauti. Cedric alipita akitazama mbele, mikono ameitoa mifukoni.

Yeye mwenyewe, mwaka alipokuwa na miaka kumi na minne, polisi walimsimamisha mara kumi na saba kati ya nyumbani na shuleni. Mamake alimfunza yale ambayo kila mama mweusi wa upande ule wa mji wa Milwaukee, Marekani, aliwafunza wanawe: ukitoka dukani, risiti mkononi, mikono ionekane, wala usikimbie hata mvua ikinyesha. Siku moja tu, kwa baridi, aliitupa risiti ya juisi ili atie mikono mfukoni. Juisi ya dola moja! Polisi wakamwita mwizi, wakamlaza kifudifudi kwenye theluji, wakamweka ndani siku mbili. Shule nayo ikamtoa kwenye darasa la hesabu za juu, alikokuwa wa kwanza, ikampeleka kwa wanaoitwa watukutu, akafundishwa kujumlisha. Mwaka huohuo wavulana wawili weupe waliiba kompyuta ya mwalimu, na wazazi wao wakaandikiwa barua ya upole.

Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Mlango wa gari ukifungwa nje, moyo ulimruka. Alipofika kumi na sita binamu yake alimpa wiski kwenye kikombe, akalala hadi asubuhi. Leo ana miaka arubaini na mitatu, na bado anautafuta usingizi ule.

Basi Alhamisi alinunua kichupa cha wiski, akakimaliza nyuma ya kituo cha basi. Mkono wake, bila kuulizwa, ukaikunja risiti mara nne na kuitia mfuko wa koti, zilimokuwa nyingine zote. Mtu mwingine angeitupa.

Saa sita ilipofika, Tameka aliegesha gari mbele ya duka la viatu, akabaki ndani. Nyla akamrukia babake.

"Unanuka mvuke, Baba!"

"Hayo ndiyo marashi yangu. Ghali sana."

Nyla alichagua vyeupe vyenye kamba za zambarau. Cedric akalipa, wakaelekea mlangoni. Mbele yao mama mmoja wa kizungu alitoka na mifuko miwili, akatakiwa siku njema. Kisha mlinzi, kijana mweusi kama wao, akanyoosha mkono. "Risiti, mzee."

Cedric alitia mkono mfukoni. Haikuwemo. Akatoa karatasi zote, za mkate, za sabuni, za basi, kila moja imekunjwa mara nne, zikamponyoka na kutawanyika sakafuni.

"Ninayo, afisa. Nimelipa. Ninayo, wallahi nimelipa."

"Mzee, taratibu. Mimi si afisa, ni mlinzi tu." Kijana alifungua boksi. "Hii hapa, ilikuwa ndani. Samahani, ni amri ya duka."

Nyla alikuwa amepiga magoti, akizikusanya na kuzikunjua moja moja. Alipofika kwenye moja, akaganda. Wakatoka nje, karatasi ile ingali mkononi mwake.

"Baba, hii ni ya wiski. Ya juzi." Akamwonyesha. "Ni ya mteja, eti? Uliitoa mfukoni mwa mteja."

Uongo ulikuwa tayari, na binti ndiye aliyempa. Cedric aliitazama karatasi, akaitazama mikunjo yake minne.

"Hapana, mama. Ni yangu."

"Zilibaki siku mbili, Baba! Siku mbili tu!" Machozi yalimtoka. "Sitamwambia Mama. Naapa sitamwambia."

Cedric alitamani kukubali. Alikitamani kile kitanda chenye shuka za manjano kuliko kitu chochote duniani.

"Siri hii si yako kuibeba," alisema. Akaichukua, akaenda hadi kwenye gari, akampa Tameka dirishani.

Tameka aliisoma.

"Kwa nini hukuitupa, Cedric?" aliuliza polepole. "Si ungeitupa tu?"

Kisha akamtazama Cedric mikono. Ilikuwa imetulia wazi ukingoni mwa dirisha, vidole vimenyooka. Tameka naye alilelewa mtaa uleule, alijua kwa nini mtu hatupi risiti. Akageuza uso.

"Nyla, panda gari."

Gari lilikaa kidogo likisubiri nafasi ya kuingia barabarani. Cedric aliinama kumpungia binti yake. Nyla hakumwona, macho yalikuwa kwenye gari la polisi lililokuwa likipita polepole. Boksi lilikuwa magotini. Mikono yote miwili aliiweka juu ya kifuniko, na risiti ya viatu ameishika kati ya vidole, mahali ambapo mtu yeyote angeiona.